Kifua cha Mkwe

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, ketini vizuri, na simu iwekeni kando. Sitawadanganya kwamba nilisoma sana. Niliacha shule darasa la nne huko Kanja. Lakini nilifanya kazi hospitalini miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na miaka kumi na mmoja ya mwisho nilikuwa katika chumba cha kuchora moyo. Nimeona vifua vingi. Vingi vilikuwa vya watu wa umri wenu, watu wanaosema moyo ni ugonjwa wa wazee.

Siku ya kwanza nilifika langoni saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana. Sista Mkuu, mama mrefu asiyecheka, alitupanga foleni sisi wanawake sita tuliokuja kuandikwa kazi ya usafi. Hakuuliza vyeti.

"Kucha," akasema.

Tukanyoosha mikono. Wawili aliwarudisha nyumbani hapo hapo. Mimi alinitazama vidole, akanitazama uso.

"Wewe mama, unajua kunyamaza?"

"Najua, Sista."

"Basi chukua ndoo. Hapa sakafu ndiyo dawa ya kwanza. Na ukiona kitu kibaya, usinyamaze. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Hunyamaza kwa kila kitu."

Sikuelewa maneno hayo siku hiyo. Nilichukua ndoo.

Nilipiga deki wodi ya wanaume miaka saba. Kisha nikapelekwa kwenye chumba cha kufulia, ambako mvuke uliniharibu ngozi ya mikono mpaka leo. Msidhani nilipendwa. Msimamizi wa kufulia alikuwa akituita "nyinyi wa mashuka," hata hakujua majina yetu. Nilitoka huko kwa bahati tu. Teknisheni wa moyo alihitaji mwanamke mzima wa kukaa naye chumbani, kwa sababu wasichana walikuwa wakikataa kuvua blauzi mbele ya mwanamume. Sista Mkuu akasema nipelekwe mimi, kwa kuwa nina uso wa kutisha na hakuna msichana atakayedhani nimekuja kucheza.

Teknisheni huyo alikuwa Mmeru, mwembamba kama ufito, mwenye ulimi mkali. Mwanzo nilikuwa nashika pazia tu. Baadaye alichoka kuinama kila mara, akaanza kunifundisha.

"Mama, unajua moyo una umeme?"

"Wa stima?"

"Wake mwenyewe. Kabla haujapiga, umeme hupita kwanza ndani yake, kutoka juu kwenda chini. Mashine hii haimpigi mtu shoti. Inasikiliza tu, halafu inachora."

Sisi tuliiita mashine hiyo isiji. Ina waya kumi. Nne za mikono na miguu, sita za kifua. Kila waya huishia kwenye kibandiko chenye jeli, ile dawa baridi inayofanya ngozi ipitishe umeme. Karatasi yake ina miraba midogo myekundu, na mstari unaotoka una vilima. Kilima kidogo cha kwanza ni vyumba vya juu vya moyo. Halafu mwiba mrefu, huo ni vyumba vya chini, vile vinavyosukuma damu. Halafu kilima cha mwisho, mviringo, ambacho ni moyo ukijiweka tayari kwa pigo linalofuata. Teknisheni alinipigia hesabu ya miraba mpaka nikaijua kama ninavyojua mistari ya shamba langu.

Jambo gumu lilikuwa ni kuweka vibandiko vya kifua. Huviweki popote tu. Unatafuta kwa kidole mfupa wa katikati ya kifua, unashuka mpaka unapogusa kinundu. Kando ya kinundu ni ubavu wa pili. Kutoka hapo unahesabu nafasi za kati ya mbavu, ya pili, ya tatu, ya nne. Hapo ya nne, kulia na kushoto kwa mfupa, ndipo vibandiko viwili vya kwanza hukaa. Vingine vinazunguka chini ya ziwa mpaka kwapani. Ukikosea nafasi moja, mashine itakuchorea moyo wa mtu ambaye hayuko.

"Karatasi mbaya," Teknisheni alikuwa akisema, "ni uongo uliopigwa chapa."

Taabu yetu kubwa ilikuwa mafuta ya kujipaka. Kwetu mtu haendi hospitali akiwa na ngozi kavu, watu watasema hana mtu nyumbani. Basi wanakuja wakiwa wameng'aa kama sufuria mpya, na kibandiko kinateleza, na mstari unatetemeka kama mtu mwenye homa. Nilifuta vifua kwa pamba na spiriti mpaka wakanipa jina la Mama Spiriti. Sikujali. Kifua kikavu, mstari safi.

Hayo yalikuwa mafuta ya nje. Ya ndani nilikuja kuyajua baadaye, alipofika Daktari wa utafiti.

Alikuwa mwanamke bado mdogo, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo ilibidi unyamaze ndipo uisikie. Alitaka kupima vijana wasio wagonjwa, kuanzia wa miaka kumi na minane mpaka wale wanaokaribia arobaini. Hospitali ilimpa Teknisheni, gari, na mimi. Tulizunguka. Tulienda chuo kimoja upande wa Meru, tukashuka Kianjokoma siku za soko, tukaenda mpaka ukame wa Kiambere ambako mbuzi walikuwa wakila pazia letu.

Kazi yangu ilikuwa hii. Kijana akiingia, napima kiuno chake kwa tepu, kama fundi wa nguo, pale juu ya mfupa wa nyonga. Kisha nachukua kibano, chuma fulani kama koleo chenye saa ndogo, nabana ngozi ya nyuma ya mkono na ya chini ya bega ili nijue unene wa mafuta. Halafu mizani. Halafu analala, nafuta kifua, tunachora.

Vijana walikuwa na mdomo.

"Cucu, usiandike hiyo namba," mmoja aliniambia, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu, nilipozungusha tepu. "Hiki si kitambi. Ni maendeleo."

"Maendeleo yako yamefunika mkanda," nikamwambia. "Lala."

Wengine walikuja wakitafuna muguka, yale majani ya kuondoa usingizi, shavu limevimba, macho yamekodoka. Hao tuliwarudisha waende, waje kesho kinywa kikiwa kitupu, kwa sababu muguka unauendesha moyo kama gari lisilo na breki, na Daktari hangejua anaona mafuta au anaona majani.

Nilimuuliza Daktari siku moja, tukila ndizi chini ya ukuta wa zahanati, hayo mafuta yana shida gani na umeme. Mimi nilikuwa nadhani mafuta ni mzigo tu, kama mtu aliyebeba gunia.

"Mama, gunia halisemi kitu," akanijibu. "Mafuta yanasema. Hasa ya tumboni na yale yanayozunguka moyo wenyewe. Yanatoa vitu kwenye damu, yanafanya moyo ufanye kazi zaidi, vyumba vya juu vinatanuka kidogo kidogo. Umeme ukipita kwenye nyumba iliyotanuka, unachukua muda zaidi. Kile kilima cha kwanza kinakuwa kipana. Na cha mwisho nacho kinaweza kuchelewa kulala."

"Na kijana mwenyewe anasikia nini?"

"Hasikii kitu. Ndiyo sababu niko hapa. Kwa kijana mabadiliko ni madogo sana, mengi bado yako ndani ya kipimo cha kawaida. Nataka kujua yanaanza lini na kwa mafuta kiasi gani."

"Na kitambi kinausukuma moyo?"

"Kinausukuma juu, unalala kidogo upande. Hata mstari unaonyesha umegeuka. Halafu kuna shida nyingine. Mafuta ya kifuani yanafunika sauti, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Mwiba unatoka mfupi. Sasa mimi ninayesoma lazima nijue: moyo ni mnyonge, au ni blanketi tu? Nitajua vipi kama vibandiko havikukaa mahali pake?"

Aliniangalia aliposema hivyo. "Mimi nasoma karatasi tu, mama. Mkono ni wako."

Nilikumbuka maneno hayo vizuri. Ndiyo maana nitakayosema sasa hayana udhuru.

Binti yangu Wawira ameolewa Kiambere na kijana anaitwa Mugendi, fundi wa kuchomelea mageti. Alipokuja kuposa alikuwa na shingo kama ya kuku. Miaka minne ya ndoa, akanona. Shingo ikaingia kwenye mabega, tumbo likatangulia. Na mimi nilifurahi. Kanisani wanawake walikuwa wakiniambia, "Mkwe wako anapendeza, binti anajua kupika," nami nikitembea kichwa juu. Kwetu mkwe akikonda, aibu ni ya mama aliyemlea mke. Sikuwahi kuzungusha tepu ile kichwani mwangu nilipomwangalia Mugendi. Tepu ilikuwa ya watu wengine.

Sasa lazima niwaeleze nthoni, kwa sababu wengi wenu mnaipuuza. Nthoni ni ile haya ya heshima kati ya mama mkwe na mkwe. Mimi sikai mezani na mume wa binti yangu. Tukikutana njiani, mmoja anapisha. Sitaji mwili wake, yeye hataji wangu. Kuona kifua chake wazi, wazee wangesema nimeomba laana. Nimeishi hivyo, mama yangu aliishi hivyo. Haikunisumbua kamwe, mpaka siku Mugendi alipoingia kwenye hema letu.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kambi ya Kiambere. Jenereta ilikuwa imekataa, tulikuwa tunatumia betri ya mashine, na Teknisheni alikuwa ameondoka na gari kutafuta fundi. Daktari alikuwa zahanati akiongea na mganga wa pale. Nilikuwa nimebaki peke yangu. Pazia likafunguka.

"Mama, habari ya siku?" Akarudi nyuma hatua moja. "Kumbe ni wewe unayepima?"

"Ni mimi, baba." Nilikuwa nimetazama chini. "Umekuja kufanya nini?"

"Wawira amenituma. Anasema nakoroma sana siku hizi. Nirudi kesho?"

"Kesho tunahama."

Tukasimama. Nje mbuzi analia. Ningemwambia akae amngoje Teknisheni, hata kama ni mpaka jioni. Hilo tu ndilo lilikuwa la kufanya. Lakini kumweka mkwe akingoja mbele yangu nusu siku nayo niliona ni nthoni. Basi nikafanya ujinga ambao sijausikia kwa mtu mwingine yeyote wa kazi yetu. Nilimpa vibandiko na waya zake kiganjani, nikatoka nje ya pazia, nikamwelekeza kwa mdomo.

"Cha kwanza, kulia kwa mfupa wa kifua. Hesabu mbavu."

"Kulia kwangu ama kulia kwako?"

"Kwako! Mimi niko nje, sina kulia."

"Sawa. Umesema nihesabu mbavu?"

"Hesabu kutoka kwa kinundu. Ya pili, ya tatu, ya nne."

Nasikia tu anavyohema.

"Mama, mbavu sizipati. Ziko wapi?"

"Ziko chini ya chapati za Wawira."

Alicheka mpaka kitanda kikalia. Nami nilicheka huko nje, mkono mdomoni. Ndivyo tulivyopima moyo wa baba wa wajukuu wangu. Sikumfuta mafuta ya kujipaka. Sikuzungusha tepu, niliandika kiuno kwa kukisia. Nilipitisha mkono chini ya pazia nikabonyeza mashine.

Karatasi ilitoka ikitetemeka. Miiba mifupi. Mingine imetazama chini, maana vibandiko vilikuwa vimepangwa kama viazi shambani. Lakini zile waya za mikono na miguu zilikuwa zimechora kitu, na katika kutetemeka kule niliona kile kilima cha mwisho. Kilikuwa kinajikokota. Mwiba umepita, na kilima kinakuja polepole, kinakataa kulala. Nataka mnielewe hapa. Niliona. Miaka kumi nilikuwa nimeangalia vilima.

Nikajiambia, ni vibandiko. Ni blanketi la mafuta. Nikaandika juu ya karatasi, "Mbaya. Mnene. Vibandiko havikushika." Karatasi yenye neno "mbaya" haisomwi na Daktari. Inaingia kwenye sanduku la makosa, na mtu huyo anaondolewa kwenye hesabu.

"Niko aje, mama?" Mugendi akauliza kutoka ndani, akivaa shati.

"Uko sawa. Ni mafuta tu yamefunika."

Akaenda kwake na hilo neno langu.

Zilipita wiki tano. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu, nahesabu siku. Wawira akanipigia simu saa ya chai.

"Mama, Mugendi alianguka jana. Alikuwa anachomelea geti la watu, akaanguka tu chini kama gunia. Wenzake wakamwagia maji, akaamka. Anasema ni jua."

"Ameenda hospitali?"

"Amekataa. Anasema wewe ulimpima, ukasema ako sawa."

Chai yangu ilipoa kikombeni. Nilikaa kwenye benchi la chumba cha moyo nikiangalia mikono yangu. Nilijua kama nikienda kwa Daktari ninaweza kufukuzwa, na marupurupu yangu ya kustaafu yaende na mimi, na wauguzi wacheke: Mama Spiriti amepima mtu kwa mdomo. Nilijua pia kwamba nikinyamaza, Mugendi atapanda tena juu ya geti na moto mkononi. Nikaondoka kwenye benchi.

Nilimwambia Daktari yote, nimesimama. Pazia, chapati, neno "mbaya". Hakunikatiza. Nilipomaliza alivua miwani.

"Mama, siku hiyo ulichora moyo, au ulichora heshima?"

Akavaa miwani tena.

"Lete sanduku la makosa."

Tuliitafuta karatasi ile. Aliilaza mezani, akaweka rula yake ndogo juu ya mstari wa waya ya mguu, akahesabu miraba, akahesabu tena.

"Haisomeki vya kutosha niseme lolote," akasema. "Na inasomeka vya kutosha kunitia hofu. Gari liko wapi?"

Tulifika Kiambere jua likiwa kali. Mugendi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, shati limefungwa mpaka kooni kwa sababu ameona gari la mama mkwe. Baba yake, mzee mwenye fimbo, alikuwa kando. Wawira akatoka jikoni na mtoto mgongoni.

Daktari alisalimu, akaeleza kwa upole kwamba anataka kuchora tena. Mugendi alitabasamu, akanitazama kwa mbali kidogo, kama inavyotakiwa.

"Daktari, asante kwa kuja. Lakini mama alishanipima. Alisema niko sawa, ni mafuta tu. Mimi mama simpingi."

"Nilikosea," nikasema.

"Hapana mama, wewe huwezi kukosea. Ni jua lilinipiga. Na nilikuwa sijakula."

"Mugendi, nilisema uongo. Sikukupima. Nilisimama nje ya pazia."

"Ilikuwa ni heshima hiyo," baba yake akasema. "Ulifanya vizuri, mama Wawira. Kijana amenona, ana nguvu. Mtu mgonjwa hanoni."

Mugendi akatikisa kichwa kukubaliana na baba yake. Daktari akaanza tena kueleza mambo ya kilima na muda, na nikaona maneno yake yanampita kama upepo. Alikuwa na maneno ya mzee wake na ya mama mkwe wake upande mmoja, na ya mgeni mfupi upande wa pili. Nani angeshinda?

Nikamwendea. Nilikwenda mpaka kwenye kiti chake, karibu kuliko nilivyowahi kumkaribia tangu aoe. Nikasema, "Fungua shati."

"Mama?"

"Fungua."

Mikono yake haikusonga. Basi nikainama nikafungua kifungo cha juu mwenyewe. Kisha cha pili.

"Mama!" Wawira akapiga kelele. "Huyo ni mkwe wako!"

"Najua ni nani. Leta maji na sabuni."

Mzee alisimama, akatugeuzia mgongo, akasema kwa sauti kwamba hapa sasa lazima achinjwe mbuzi wa kutakasa, na si mbuzi mdogo. Nikasema mbuzi atakuja. Nikaweka kidole kwenye mfupa wa kifua cha Mugendi, nikashuka mpaka kwenye kinundu. Nyama ilikuwa nyingi, ikabidi nibonyeze. Ubavu wa pili. Nafasi ya pili, ya tatu, ya nne. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, na kijana yule mwenye maneno mengi akaacha kubisha. Hakuwa tena na lile tabasamu. Alinitazama usoni, kitu ambacho hajawahi kufanya, akasema polepole, "Kumbe ni kweli."

"Ni kweli."

"Nitakufa?"

"Sijui. Lala tujue."

Alilala kwenye mkeka. Nilimwosha, nikamkausha, nikabandika vyote kumi. Karatasi ilitoka safi. Na kilima cha mwisho kilikuwa kinajikokota vile vile.

Daktari hakumtisha. Alimwambia muda wa mstari wake, kutoka mwiba mpaka mwisho wa kilima cha mwisho, ni mrefu kupita kipimo, na mtu wa namna hiyo moyo wake unaweza kuruka njia ghafla, na pengine ndivyo alivyoanguka. Akamuuliza kuhusu muguka. Mugendi akaangalia mke wake, halafu akakubali: kila siku, kuanzia saa nne, ili asichoke. Akamuuliza kuhusu vidonge anavyonunua dukani bila kuandikiwa. Akampima kiuno, na safari hii ni mimi niliyeshika tepu.

"Ni mafuta haya?" Mugendi akauliza akijishika tumbo.

"Sitasema ni mafuta peke yake," Daktari akamjibu. "Wanene wengi wa umri wako, mstari wao umebadilika kwa unywele tu. Wewe una mafuta, una muguka, una kukoroma, na labda kitu ulichozaliwa nacho ambacho lazima tukitafute. Vyote vinavuta kamba upande mmoja. Tuanze kuviondoa kimoja kimoja."

Alilazwa hospitali kubwa siku nne, akapimwa chumvi za damu na mengine. Walimkataza kupanda juu ya mageti mpaka waseme. Muguka aliacha kwa taabu, alikuwa mkali kama nyuki mwezi mzima, Wawira ananipigia akilia. Chakula kikapunguzwa. Alipoanza kukonda, wanawake wa kanisani wakamuuliza Wawira kama kuna shida nyumbani. Ilinichoma, sitaficha. Nilitamani kusimama nitangaze. Nikanyamaza, maana hiyo ni aina ya kitu kinachostahili kunyamaziwa.

Mbuzi alichinjwa. Baba yake Mugendi alisimamia mwenyewe. Mugendi akakataa kipande chenye mafuta, na mzee akanung'unika kwamba mbuzi wa kutakasa haliwi kwa kupimiwa. Lakini alimkatia mnofu wa paja bila mafuta, na alimpa kwa mkono wake mwenyewe. Nililiona hilo.

Mimi sikufukuzwa. Nilipewa barua ya onyo, ikawekwa kwenye faili yangu, ya kwanza na ya mwisho. Nilistahili. Siku ya kuniaga walinipa blanketi na chupa ya chai, na Teknisheni akasema maneno mazuri ambayo hakuwahi kusema nilipokuwa kazini. Nilichukua, nikashukuru, nikaenda nyumbani.

Sasa ninakaa, ninalima kidogo, ninafikiri. Niliifuata kazi yangu vizuri kwa watu nisiowajua. Mgeni nilimfuta, nikamhesabu mbavu, nikamwandika kiuno bila kumpunguzia hata nusu inchi. Wangu ndiye niliyemkadiria. Nyinyi vijana mnaweza kusema hizo ni mila za zamani, nyinyi hamna nthoni. Mnayo. Kuna rafiki yako unamwona anavimba, anahema akipanda ngazi, na unamwambia amependeza. Kuna kaka yako hujamuuliza alizimia kwa nini. Hata nyinyi mna pazia lenu, mnasimama nje yake mkitoa maagizo.

Na msinielewe vibaya mkadhani mimi ni yule anayecheka wanene. Mtu mnene si mgonjwa kwa kumtazama, na mwembamba si mzima kwa kumtazama. Ndiyo maana kuna tepu na mashine. Moyo wa kijana hauna mdomo. Unaandika tu, na unahitaji mtu wa kuukaribia.

Mstari wa Mugendi umechorwa mara tatu tangu siku ile. Umepungua, kila mara kidogo. Bado haujafika pale Daktari anapotaka, na hakutuahidi utafika. Anachomelea madirisha sasa, chini, miguu ikiwa ardhini. Anameza dawa asubuhi.

Krismasi iliyopita niliwaita wote hapa kwangu, watoto, wakwe, wajukuu wakubwa. Walidhani nagawa shamba. Niliwasimamisha uani, na Mugendi nikamwambia asimame mbele, si nyuma ya wanaume kama desturi. Nikawaambia: "Katika boma hili, mtu akiitwa kupimwa, anavua shati na anapimwa na mkono ulioko. Ukiwa ni wa mkwe, ni huo huo. Na siku nitakayoanguka mimi, Mugendi akiwa karibu, hakuna kwenda kutafuta mwanamke. Yeye ndiye atafungua vifungo vyangu, na asitazame kando."